Simu yenye kamera nzuri: mwongozo kamili kwa sisi wa Unguja na Pemba, kuanzia mlangoni pa duka mpaka harusini usiku

Assalaamu alaykum jamani. "Simu gani ina kamera nzuri?" Hili swali naulizwa kila wiki, na ndugu, na majirani, na wateja wangu wa kofia, na mimi sipendi kumjibu mtu jina la simu tu mana jina pekee halimsaidii. Leo nimekaa niandike yote nnayoyajua kwa utaratibu, ili anaeshuka Darajani na pesa yake ya jasho arudi nyumbani na kitu cha maana.

Nianze na lililonifundisha mimi. Nilinunua simu ina kamera 4 nyuma, boksi limeandikwa megapikseli 48 kwa herufi kubwa, nikaona nimepata. Wiki mbili baadae ikawa harusi ya mtoto wa dada yangu Wete, bibi yetu kakaa kitini uani kavaa kanga mpya, usiku, taa moja ya manjano imetundikwa kwenye mwembe, na mimi nikampiga picha kama 30 hivi. Asubuhi nafungua nitizame, uso wa bibi hauna macho, umekuwa kama doa la kahawia lililopakwa kwa kidole, kanga imegeuka rangi nyengine na kila aliyepita nyuma yake kawa moshi. Bibi alifariki mwaka uliofuata, Allah amrehemu, na zile ndo picha za mwisho tulizonazo nae. Kwa hivo mtu akinambia kamera zote ni sawa tu, mimi hapo siwezi kunyamaza.

Nnalotaka ulishike kabla hatujenda mbele ni hili: kamera ya simu hainunuliwi kwa kusoma boksi, inanunuliwa kwa kupiga picha watu wetu, nguo zetu na mwanga wetu, pale pale, kabla pesa haijatoka mfukoni. Boksi linasaidia kuchuja tu, ukabaki na simu mbili tatu za kuzijaribu.

Hatua ya 1: Jua unapiga nini

Kabla hujaulizia bei fungua galari ya simu uliyonayo sasa, shuka mpaka picha za miezi mitatu nyuma, uone unapiga nini kweli. Mimi nilipofanya hivo nikakuta zaidi ya nusu ni kofia na nyuzi za karibu karibu, halafu watoto, halafu harusi na maulidi usiku. Kaka yangu anaetembeza wageni Jozani yeye galari nzima ni kima punju juu ya miti, na vidio. Shoga yangu wa Paje ni mwani na alfajiri. Watu watatu na kila mmoja simu inayomfaa ni mbali na ya mwenzake.

Anaeuza vitu vidogo mtandaoni anataka rangi ya kweli na fokasi ya karibu. Wa harusi za usiku anataka sensa kubwa (sensa ni kile kipande cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga) na OIS, ntaieleza hapo chini. Wa kima, au wa mpira Gombani, anataka zuum ya kweli. Mwenye nyumba ya kupangisha wageni anataka lenzi pana inayoingiza chumba kizima. Na ikiwa wewe kazi yako ni kupiga risiti na karatasi za skuli usijiumize, simu yoyote ya skuizi inakutosha, pesa inayobaki peleka kwengine.

Hatua ya 2: Zisome namba, lakini ujue zinasema nini

Hapa ndo watu wengi wanapopotea kwa hivo ntakaa kidogo.

Megapikseli, yaani mamilioni ya vidoto vinavyounda picha. Chukua jamvi la karafuu limeanikwa uani. Jua linaloingia kwenye jamvi linategemea ukubwa wa jamvi, ukichukua chaki ukaligawa vyumba 12 au vyumba 100 jua ni lile lile, haliongezeki hata chembe, isipokuwa kila chumba sasa kinapata kidogo. Sensa ya kamera ndo jamvi, megapikseli ndo vyumba, na mwanga ndo jua. Mtengenezaji akikuwekea vyumba vingi kwenye jamvi dogo, mchana utaona sawa tu, usiku vyumba vyote vina njaa.

Na wenyewe wanalijua hilo, ndo mana simu ya megapikseli 50 ukipiga picha ya kawaida inaunganisha vyumba vinne vinne kuwa kimoja na kukutolea picha ya 12.5. Ya 108 inaunganisha tisa tisa inatoa 12. Ya 200 inaunganisha kumi na sita kumi na sita, inarudi pale pale 12.5. Google walikaa na megapikseli 12.2 kwenye kamera yao kubwa kuanzia Pixel 2 ya mwaka 2017 mpaka Pixel 5 ya 2020, na zile simu watu walikuwa wanazisifia picha dunia nzima. Apple nao walishikilia 12 kuanzia iPhone 6s ya 2015 mpaka iPhone 14 ya kawaida ya 2022. Hata ukitaka kuchapisha picha ukubwa wa karatasi ya A4 iwe safi kabisa haifiki megapikseli 9. Kwa hivo muuzaji akikwambia "hii 108 dada, ile 50 tu" mwache amalize kisha muulize sensa.

Ukubwa wa sensa. Unaandikwa kama sehemu, mfano 1/1.3 au 1/1.56 au 1/2.76, na namba ya chini ikiwa ndogo sensa ni kubwa. Kwenye boksi mara nyingi hawaiweki, itafute kwenye intaneti kwa kuandika jina kamili la simu. Kuna sensa ya megapikseli 50 ya 1/1.56, iliyomo kwenye Galaxy A54, na kuna sensa nyengine ya megapikseli 50 hizo hizo lakini ni 1/2.76, inawekwa sana kwenye simu za bei chee. Ukipiga hesabu ya eneo la kwanza ni karibu mara 3 ya la pili. Maboksi yote mawili yameandikwa 50. Umeona sasa?

Tundu la lenzi. Hii ndo ile f/1.8, f/2.2, f/2.4. Namba ndogo tundu kubwa, mwanga mwingi. Lenzi ya f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara 1.8 ya ile ya f/2.4, kwa hivo kwa kamera kubwa ya nyuma mimi sichukui iliyozidi f/1.9.

OIS. Hii ni herufi tatu za kuzitafuta kwa bidii. Maana yake lenzi au sensa yenyewe inaelea ndani, mkono wako ukitetema yenyewe inasogea upande wa pili kufidia. Usiku kamera inaacha mlango wazi muda mrefu ili mwanga uingie, na hapo hapo ndo mkono unapoharibu picha. Ikiwa unapiga usiku, au kwenye boti, au mikono inatetema kwa uzee au kwa maradhi, OIS ina thamani kuliko megapikseli zote ulizoahidiwa. Galaxy A14 na A54 zote zinasema 50 lakini A54 ina OIS na A14 haina. Redmi Note 10 Pro ilikuja 2021 na megapikseli 108 bila ya OIS, halafu Redmi Note 12 Pro 5G ikaja na 50 pamoja na OIS, na kwa harusi ya usiku mimi nakuchagulia hii ya 50 bila kufikiri mara mbili. Kuna kitu chengine wanaita EIS, hicho ni programu inayokatakata pembeni za vidio ili itulie, kinasaidia vidio lakini picha ya gizani hakiisaidii.

Idadi ya kamera. Zile ndogo za megapikseli 2 zilizoandikwa makro (ya vitu vya karibu) na depthi (ya kupima umbali) usizihesabu, ni za kujaza nafasi. Ile simu yangu ya Wete ilikuwa nazo mbili. Hesabu kamera kubwa, lenzi pana iwe angalau megapikseli 8, na zuum ikiwa ipo. Kamera mbili za kweli ni bora kuliko nne.

Zuum. Zuum ya kweli ina lenzi yake mwenyewe, imeandikwa 2x au 3x ya optiko. Zuum ya kuvuta kwa vidole bila ya lenzi ni kukuza picha tu, unaweza kuifanya hata nyumbani baadae. Ikiwa unataka zuum ya kweli na pesa si nyingi, Galaxy S20 FE ya 2020 na S21 FE ya 2022 zote zina lenzi ya mara 3, na yuzdi zake, yaani zilizokwishatumika, zinapatikana.

Hatua ya 3: Ngozi yetu na kanzu nyeupe

Hili halimo kwenye boksi lolote na kwangu mimi ndo kubwa kuliko yote yaliyopita.

Zamani za filamu, kampuni ya Kodak ilikuwa inapeleka kwenye maabara za kusafishia picha kadi za kupimia rangi, na kadi zile kwa miaka mingi zilikuwa na picha ya mwanamke mweupe, rangi ikikaa sawa kwake ndo imekaa sawa. Sisi tukitoka weusi tii na meno yanang'ara hakuna aliyeona tatizo. Mambo yamebadilika, Google mwaka 2021 walitoa Pixel 6 na kitu wanachokiita Real Tone, kazi yake ni kuipa ngozi nyeusi rangi yake, na Tecno nao kwenye Camon zao wameifanyia kazi sana ngozi ya Kiafrika. Lakini simu nyingi bado zinakosea, na zinakosea kwa namna tatu.

Kwetu sisi mtihani ni mgumu zaidi kwa sababu mtu mweusi anavaa kanzu nyeupe pepe au anasimama kwenye mchanga mweupe wa Nungwi saa saba mchana. Kamera ikipima kanzu, uso unakuwa giza. Ikipima uso, kanzu inaungua, inakuwa karatasi tupu, huoni mshono wala darizi ya kifuani. Na ya tatu ndo inayoniudhi, simu inaamua mwenyewe kukung'arisha, unatoka na rangi ya chai ya maziwa ambayo mama yako mzazi haijui. Simu nzuri inapiga picha kadhaa kwa mpigo mmoja na kuzichanganya, uso unabaki wako na kanzu inabaki na nyuzi zake, hiyo kazi inaitwa HDR na inategemea chipu na programu ya kampuni, ndo mana simu mbili zenye sensa moja zinatoa picha tofauti kabisa.

Kwa hivo ukienda dukani usiende peke yako. Nenda na mtu aliyevaa kanzu au mtandio mweupe.

Hatua ya 4: Mpya au yuzdi

Maoni yangu, kwa pesa ile ile, simu ya daraja la juu ya miaka mitatu iliyopita ina kamera bora kuliko simu mpya ya daraja la kati. Ubaya wake ni betri iliyochoka, hujui ilikotoka, na masasisho yanakaribia kwisha. Mpya ina waranti na betri nzima. Ikiwa unaishi Micheweni au Kengeja na fundi wa kuaminika yuko mbali, chukua mpya. Ikiwa uko mjini na una subira ya kukagua, yuzdi inakulipa.

Kwa iPhone, naiti modi, ile hali ya kupigia gizani, ilianza na iPhone 11 ya mwaka 2019. XR na XS hazina. Watu wengi wananunua XR kwa sababu bei imeshuka, mchana inapiga vizuri haswa, lakini kwa maulidi na harusi anzia 11 kwenda juu. Jengine, iPhone 14 na kuendelea zilizouzwa Marekani hazina sehemu ya kutia laini, ni eSIM peke yake, yaani laini iliyomo ndani ya simu bila ya kadi, kwa hivo tizama ubavuni kabla hujafurahi na bei. Pixel zina kamera nzuri sana lakini vipuri vyake kwetu kuvipata ni tabu, ulizia kioo kwanza kwa fundi wako kabla hujanunua.

Hatua ya 5: Picha saba za dukani

Muuzaji mzuri atakuruhusu. Mwambie kwa adabu, "kaka, nataka kuijaribu kamera mlangoni hapo, simu yangu na kitambulisho hivi hapa nakuachia." Akikataa kabisa hata kwa hilo, shukuru, nenda duka la pili, maduka yamejaa Mlandege mpaka Mkunazini. Futa kioo cha kamera kwanza, simu ya dukani imeshikwa na mikono mia.

Ya kwanza, kofia. Mvue mwenzako kofia ya viua, iweke juu ya kaunta, isogelee kama shubiri moja, bonyeza kwenye skrini pale katikati, piga. Sasa ikuze picha. Kwenye kofia ya mkono kila kiua kina tundu na kuzunguka tundu kuna uzi umezungushwa, simu nzuri unauona uzi unavyopinda, tundu ni jeusi na kingo zake zimekatika. Simu mbovu viua vinakuwa vidoto vya kijivu vimeshikana kama uji. Kwenye biashara yangu picha hii peke yake nishaikatalia simu tatu.

Ya pili, kanga. Darajani hukosi duka lililotundika kanga upande wa pili wa njia. Piga bila ya zuum, kisha ikuze ujaribu kulisoma jina la kanga. Likisomeka, lenzi ni kali. Halafu jaribu kanga iliyokaa pembeni ya picha sio katikati, mana lenzi za bei chee katikati ziko sawa na pembeni zinalegea.

Ya tatu, mlango. Msimamishe mwenzako mwenye kanzu ndani ya mlango wa duka, mgongo wake uelekee nje kwenye jua, wewe uko ndani. Hii ndo picha ngumu kuliko zote. Tizama uso, tizama kanzu, tizama nje kama njia inaonekana au ni mwanga mtupu. Usiguse kitu, acha simu iamue yenyewe, kwa sababu kwenye harusi hutokuwa na muda wa kurekebisha.

Ya nne, giza. Chini ya kaunta, au ndani kabisa kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe ambako hata saa sita mchana mwanga ni mdogo. Piga kwa hali ya kawaida, halafu piga kwa naiti modi, linganisha. Angalia kama vitu vimebaki na nyuzi zake au vimepakwa mafuta.

Ya tano, kinachosogea. Subiri vespa ipite au mtoto akimbie, piga. Ikiwa simu inachelewa, wewe umebonyeza yeye keshapita, basi na watoto wako nyumbani hutowapata.

Ya sita, selfi. Kabla ya kupiga ingia kwenye setingi za kamera uzime urembo wote, kile cha kulainisha ngozi na kung'arisha uso. Wengi wanazikuta zimewashwa na hawajui. Kisha piga kivulini, ujitizame kwenye kioo cha dukani, ujiulize kama huyo ni wewe.

Ya saba, vidio ya nusu dakika, unatembea huku unazungumza. Anza ndani, toka nje kwenye jua, zunguka, rudi ndani. Unatizama mambo matatu: picha inaruka ruka kila hatua au imetulia, mwanga unabadilika polepole au unashtuka, na sauti yako inasikika au inamezwa na kelele za njiani. Badilisha pia kwenda lenzi pana katikati ya vidio, simu nyengine rangi inageuka pale pale.

Ukimaliza usizihukumu picha kwenye skrini ya simu ile ile. Skrini za skuizi zinang'aa, kila kitu kinapendeza. Zihamishie kwenye simu yako kwa bluetooth, au AirDrop ikiwa zote ni iPhone, usitume kawaida kwa WhatsApp mana inazibana na utahukumu ubanaji badala ya kamera. Na zijaribu simu mbili kwa vitu vile vile, jicho halijui zuri mpaka lipate la kulinganisha.

Hatua ya 6: Ukaguzi wa yuzdi

Washa tochi ya simu nyengine, imulike kamera kwa pembeni. Unatafuta mikwaruzo, ukungu wa ndani, na vumbi chini ya kioo. Kisiwani kwetu hewa ina chumvi na unyevu, simu iliyowahi kufunguliwa na kufungwa vibaya ukungu unaingia haraka.

Fungua kamera moja moja, kubwa, pana, zuum, ya mbele. Kila moja elekeza karibu kisha mbali, fokasi iende na irudi mara moja, ikihangaika kwenda na kurudi au picha ikitetemeka yenyewe wakati mkono umetulia, fokasi au OIS imeharibika. Sauti ndogo ya kugongana ukiitikisa simu yenye OIS ni kawaida, usiogope, ila picha ikitetema hiyo ni kasoro. Na hapa niseme na vijana wa bodaboda na vespa, Apple wenyewe mwaka 2021 walitoa onyo kwamba mtetemo wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu OIS na fokasi ya iPhone ikifungwa kwenye usukani. Kwa hivo mulize muuzaji wa yuzdi simu ilikuwa ya nani na ilitumika wapi.

Kwenye Samsung nyingi piga *#0*# itafunguka menyu ya majaribio, jaribu skrini, sensa na kamera zote humo. Kwenye iPhone 12 na kuendelea ingia Settings, General, About, ikiwa kamera iliwahi kubadilishwa itakuandikia pale na kukwambia kama ni ya asili. Halafu piga *#06# upate IMEI, namba ya utambulisho wa simu, zile tarakimu 15, ulinganishe na za kwenye boksi, na uzitume kwa meseji kwenda 15090 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ujibiwe ni simu ya aina gani. Jina likija tofauti na simu uliyoshika mkononi, iache. Tanzania ilizima simu bandia tarehe 17 Juni 2016 kwa hivo hili si la kudharau. Mwisho hakikisha akaunti ya mwenye nayo wa mwanzo, iCloud au Google, imetolewa mbele ya macho yako na simu imewashwa upya.

Hatua ya 7: Nafasi na maji

Nafasi ya kuhifadhia ntaisema kwa ufupi tu. Kwa iPhone vidio ya 1080p inakula kama MB 60 kwa dakika na 4K ya kawaida, ile yenye picha kali zaidi, MB 170, yaani harusi ya saa moja ya 4K ni karibu GB 10, na Android nyingi zinakula zaidi. Mimi sishauri chini ya GB 128. Simu nyingi za bei ya chini hazirekodi 4K kabisa, na si neno, 1080p iliyotulia inashinda 4K inayoruka.

Maji ndo tizama vizuri. IP67 na IP68, zile alama za kuzuia vumbi na maji, zimepimwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, bahari haimo. Nshaona watu wanazama nazo Misali wanapiga samaki, simu inakaa wiki inakufa. Ikiingia maji ya bahari isuuze kwa maji ya bomba ikiwa ina IP68 nzima, ikaushe, usitie chaji siku hiyo. Na upepo wa kaskazi ukivuma ufukweni unaacha chumvi juu ya kioo cha kamera, picha zinakuwa na ukungu na mtu anadhani simu imechoka. Usifute kwa kukandamiza, kuna chembe za mchanga humo, puliza kwanza, halafu futa kwa ncha ya kanga ya pamba kuukuu, iliyoloa kidogo.

Hatua ya 8: Siku ya kwanza nyumbani

Zima urembo. Washa mistari ya gridi, inasaidia bahari isilale upande. Ukipiga mtu mwenye nguo nyeupe bonyeza usoni kwake, kitatokea kijua kidogo, kivute chini kidogo kanzu irudi. Usiku tumia naiti modi, bana viwiko mbavuni, shusha pumzi, uhesabu tatu kabla hujasogea, na mwambie unaempiga nae atulie. Usivute zuum gizani, sogea kwa miguu. Lenzi pana usiku iache, karibu simu zote ni dhaifu hapo. Mteja akitaka kuona rangi ya bidhaa mtumie picha kama dokumenti, au chagua HD pale WhatsApp, wateja wangu waliacha kulalamika rangi nilipoanza hivo. Na harusini kwa wanawake uliza kwanza, wenye shughuli wakisema simu hapana basi ni hapana.

Kabla hujaondoka dukani uwe ushakubaliana na muuzaji, na imeandikwa kwenye risiti, kwamba unaweza kuirudisha kesho yake ikiwa na kasoro. Usiku huo huo zima taa zote uani ubakishe moja. Mweke mama au bibi kitini, kanga yake mabegani, simama hatua nne mbali nae umpige picha kumi, nyengine ametulia nyengine anacheka. Zikuze moja moja. Ukiyaona macho yake na ukalisoma jina la kanga, iweke risiti kabatini. Usipoyaona, asubuhi uwe wa mwanzo mlangoni pa duka.